Jinsi ya Kurekebisha Makosa Katika Vyeti vya Familia Nchini Uganda

Mwongozo huu ni kwa familia iliyogundua kwamba maelezo ya cheti kimoja, yawe ni jina, tarehe au mzazi, hayalingani na maelezo ya cheti kingine. Mara nyingi jambo hilo hujulikana wakati usiofaa: mtoto yuko darasa la saba na majina ya watahiniwa wa PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yanapelekwa, baba amefariki na watoto wameanza kushughulikia mirathi, au mtu ameomba pasipoti na maombi yake yamerudishwa. Haraka ya siku hizo ndiyo huwafanya watu wahangaike na karatasi iliyo mkononi bila kuuliza kosa lilianzia wapi. Ushauri wangu wote humu unatokana na jambo moja: kosa lifuatwe hadi kwenye daftari lilikoingilia, lirekebishwe huko, kisha vyeti vilivyotokana na daftari hilo virekebishwe kimoja baada ya kingine.

Nasema hivi kwa sababu familia yetu iliwahi kufanya kinyume chake. Jina la mama lilikuwa limeandikwa kwa namna tatu, moja katika cheti cha ndoa, nyingine katika kitambulisho cha taifa, na ya tatu katika hati ya kiwanja. Katika ofisi tuliyoifikia kwanza tuliambiwa tulete hati ya kiapo, nasi tukaapa haraka tukifuata tahajia ya kitambulisho. Miezi kadhaa baadaye tulipata nakala ya daftari la ubatizo wake, tukaona kwamba kitambulisho ndicho kilichokuwa kimekosewa. Kuanzia hapo tulikuwa na kosa la zamani pamoja na kiapo chetu wenyewe kilicholithibitisha, na kukiondoa kiapo hicho kulituchukua muda mrefu kuliko kulirekebisha jina lenyewe.

Hatua ya kwanza: vyeti vyote viwekwe mezani

Kusanyeni kila karatasi yenye jina la mhusika: cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, taarifa ya kuzaliwa iliyotolewa na hospitali, kadi ya ubatizo au karatasi ya msikitini, matokeo ya shule, kitambulisho cha taifa ambacho wengi tunakiita ndagamuntu, cheti cha ndoa, pasipoti, na hati za ardhi. Chukueni karatasi tupu, na kwa kila cheti andikeni jina herufi kwa herufi kama lilivyo, mpangilio wa majina, tarehe ya kuzaliwa, mahali, majina ya wazazi, na tarehe ambayo cheti hicho kilitolewa. Tarehe ya kutolewa ina umuhimu mkubwa, kwa kuwa ukivipanga vyeti kwa umri utaona mara moja ni wapi jina liliandikwa sawasawa kwa mara ya mwisho na ni wapi lilipoanza kupotoka.

Katika nchi yetu tofauti nyingi za tahajia zina asili inayoeleweka. Mwandishi wa ofisini aliyezoea Kiganda husikia na kuandika kwa namna yake, na yule wa Gulu au Lira huandika kwa namna yake. Jina ambalo Waacholi na Walango huliandika Ocen huandikwa Ochen na mtu asiyejua kwamba herufi c katika lugha hizo hutamkwa kama ch yetu. Ssemakula hupoteza s moja na kuwa Semakula, Wasswa huwa Waswa, na r hubadilishana na l. Kwa Waislamu, hasa katika familia za Wanubi za Bombo na Arua, Muhammad, Mohamed na Muhamadi yanaweza kukutwa yote katika nyumba moja, yakimhusu mtu mmoja. Ukieleza asili ya tofauti kama hiyo kwa maandishi, afisa hukuelewa upesi kuliko ukilalamika tu kwamba umeandikwa vibaya.

Lipo pia jambo ambalo si kosa, na ambalo halistahili kuguswa. Katika jamii nyingi za Uganda watoto hawarithi jina la ukoo la baba yao. Kwa Baganda kila mtoto hupewa jina lake kutoka katika hazina ya majina ya ukoo, na kwa Waacholi jina linaweza kueleza kwamba mtoto alizaliwa baada ya mapacha. Ndugu watatu wa baba na mama mmoja wanaweza kuwa na majina matatu yasiyofanana hata kidogo. Balozi za nje na baadhi ya vyuo huuliza swali juu ya hilo, na wazazi wengine huogopa wakakimbilia kuwabadilishia watoto majina. Msifanye hivyo. Cheti cha kuzaliwa kinachowataja wazazi, pamoja na barua ya maelezo, kinatosha kujibu swali hilo, ilhali kubadili jina la mtoto kutamfuata katika kila karatasi atakayoshika maishani.

Hatua ya pili: jueni aina ya kosa

Kosa la uandishi ni lile ambalo ushahidi wa zamani unalionyesha waziwazi: herufi imerukwa, mwezi na siku vimebadilishana nafasi, mwanamke ameandikwa kuwa mwanamume, jina la ukoo limewekwa mahali pa jina la kupewa. Hili hurekebishwa kwa ombi la marekebisho, likiambatana na ushahidi.

Mabadiliko ni jambo jingine kabisa. Mtu aliyeandikwa sawasawa lakini sasa anataka jina jipya, kwa sababu ya ndoa, dini au uamuzi wake mwenyewe, hana kosa la kurekebisha, anabadilisha. Sheria ya Usajili wa Watu ya mwaka 2015 inamtaka mtu mzima atangaze kwanza nia yake katika Gazeti Rasmi la Serikali, na baada ya siku zisizopungua 7 tangu tangazo litoke ndipo anaweza kupeleka ombi lake kwa afisa wa usajili. Wengi huandaa pia, kwa msaada wa wakili, hati ya kubadili jina ambayo husajiliwa katika ofisi ya huduma za usajili, URSB. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, ombi huletwa na wazazi au mlezi wake.

Aina ya tatu ni mgogoro juu ya ukweli wenyewe: baba ni nani, au mtu alizaliwa mwaka gani. Hapa afisa wa usajili hana uwezo wa kuamua kwa kukutazama usoni, na mara nyingi jambo huishia mahakamani. Nitalirudia suala hili mbele.

Kutofautisha aina hizi mapema kunaokoa fedha na miezi. Wapo watu waliolipa wakili na tangazo la gazeti kwa ajili ya herufi moja iliyorukwa na karani, na wapo waliodai kwamba ni kosa la karani wakati ushahidi wao wote ulionyesha kwamba wanataka jina jipya, ombi likakataliwa.

Hatua ya tatu: tafuteni daftari lenyewe

Cheti ni nakala ya kile kilichoandikwa katika daftari. Ikiwa daftari ni sahihi na cheti kimekosewa wakati wa kuchapishwa, kazi ni nyepesi, kwani mnaomba kichapishwe upya kwa kufuata daftari. Ikiwa daftari ndilo lililokosewa, hakuna cheti kipya kitakachotoka sawasawa mpaka daftari lirekebishwe.

Kwa vizazi, vifo na vitambulisho vya taifa, ofisi inayohusika ni Mamlaka ya Taifa ya Vitambulisho na Usajili, NIRA, iliyoanzishwa kwa sheria hiyo ya mwaka 2015, yenye makao makuu Kololo jijini Kampala na ofisi katika wilaya. Kabla yake, vizazi na vifo vilisimamiwa na URSB, kwa hiyo mwenye cheti cha zamani asishangae kuona nembo ya ofisi nyingine. Kumbukumbu anazozihitaji sasa anaziulizia NIRA. Ndoa zimebaki URSB. Ndoa za kanisani hufungwa na kuandikwa kanisani, kisha kanisa hupeleka taarifa URSB. Ndoa za kimila huandikishwa gombolola, yaani ofisi ya utawala iliyo chini ya wilaya, au kwenye halmashauri ya mji, na sheria inawapa wanandoa miezi 6 baada ya sherehe kukamilika ili waende kuziandikisha.

Kwa kitambulisho, tazameni pia namba yenyewe ya utambulisho, ile NIN yenye herufi na tarakimu 14. Kwa raia huanza na C, hufuata M au F kuonyesha jinsia, kisha tarakimu mbili za mwaka wa kuzaliwa. Kosa la jinsia au la mwaka kwa hiyo linaweza kuwa limeingia ndani ya namba, na afisa aelezwe hivyo siku ya kwanza. Mtu akirekebishiwa maneno ya juu ya kadi tu huku namba ikisema jambo lingine, swali hilohilo litamrudia benki.

Hatua ya nne: ushahidi

Kanuni ninayoitumia ni kwamba karatasi iliyoandikwa karibu zaidi na tukio, na mtu asiyekuwa na maslahi, ndiyo yenye nguvu zaidi. Taarifa ya hospitali iliyoandikwa na mkunga siku ya kuzaliwa ina uzito kuliko barua iliyoandikwa jana. Kadi ya chanjo, daftari la ubatizo na rejesta ya darasa la kwanza hufuata. Kwa ubatizo, msiridhike na kadi iliyo nyumbani ikiwa mnaweza kupata nakala iliyothibitishwa kutoka katika daftari la parokia, kwa maana kadi nazo hukosewa wakati wa kunakiliwa.

Barua ya mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la kijiji, inahitajika karibu kila mahali, na ni vyema kuipata mapema, ikiwa na mhuri na tarehe. Hata hivyo ieleweke inathibitisha nini. Mwenyekiti anaweza kusema kwamba anakufahamu, kwamba unakaa katika kijiji chake, na kwamba majirani wanakuita kwa majina yote mawili. Hawezi kuthibitisha siku uliyozaliwa ikiwa yeye mwenyewe alihamia kijijini baadaye. Barua inayodai zaidi ya kile mwandishi anachokijua huonekana kuwa ya kuombwa, na hudhoofisha faili zima.

Kila nakala ithibitishwe, na karatasi halisi ibaki nyumbani isipokuwa pale ofisi inapoitaka kwa maandishi. Msithubutu kukwangua, kufuta au kuongeza herufi kwa kalamu juu ya cheti, hata kama mnajua kwamba herufi mnayoiongeza ni ya kweli. Cheti kilichoguswa hukataliwa, na aliyekigusa anaweza kushtakiwa kwa kughushi.

Hatua ya tano: kiapo

Hati ya kiapo huandikwa baada ya ushahidi kukamilika, kamwe si kabla. Huapwa mbele ya kamishna wa viapo au mtu mwingine aliyeruhusiwa na sheria, na kuapa uongo ni kosa la jinai. Hati nzuri husema mambo manne kwa mpangilio: mimi ni nani, jina au tarehe yangu sahihi ni ipi na naijuaje, ni katika cheti kipi na kwa namna gani kosa limeandikwa, na kwamba majina hayo yote yananihusu mimi, mtu mmoja na yuleyule. Yatajeni majina yote yaliyokosewa, hata yale mnayodhani hayana maana, ili kiapo kimoja kitumike katika ofisi zote. Tukio la nyumbani kwetu lilinifundisha kukisoma kiapo kwa sauti mbele ya ndugu wawili kabla ya kutia sahihi, wakiwa na vyeti mkononi.

Kwa mtoto, mzazi ndiye anayeapa. Kwa mzee asiyejua kusoma, kiapo kisomwe na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa, na jambo hilo liandikwe ndani ya hati yenyewe.

Hatua ya sita: kupeleka ombi

Nendeni ofisi ya NIRA ya wilaya mkiwa na fomu ya marekebisho iliyojazwa, kiapo, ushahidi na nakala za vitambulisho vya wazazi au wenzi wanaohusika. Malipo hufanyika benki au kwa simu kwa kutumia namba ya malipo itokayo katika mfumo wa mamlaka ya mapato, URA. Hakuna sababu ya kumkabidhi mtu fedha taslimu nje ya lango, hata akiwa amevaa kitambulisho shingoni. Akidai fedha kinyume cha utaratibu, andikeni tarehe na mahali, kisha mpeleke malalamiko kwa ofisi ya Inspekta Mkuu wa Serikali.

Hifadhini stakabadhi na namba ya ombi. Wiki zikipita bila jibu, andikeni barua fupi ya ufuatiliaji na mbaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Katika barua hiyo mnaweza kutaja Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, ambayo inampa kila mtu haki ya kuomba taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe.

Siku ya kuchukua cheti kipya, kisomeni kikiwa bado mezani kwa afisa: kila herufi, kila tarakimu, majina ya wazazi, wilaya na gombolola. Kosa jipya likionekana hapo hapo, kulirudisha ni rahisi kuliko kuja nalo wiki mbili baadaye kutoka Kitgum au Kisoro.

Umri wa wazee

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa wanaoumia ni watu wasio na nguvu ya kuhangaika. Ruzuku ya serikali kwa wazee, SAGE, ni shilingi 25,000 kwa mwezi kwa waliofikisha miaka 80, na umri husomwa kutoka katika kumbukumbu za NIRA. Wakati wa kuandikishwa, wazee wengi hawakuwa na cheti, mwaka ukakadiriwa, na mara nyingine mama ameandikwa kuwa mdogo kiasi kwamba hesabu inaonyesha alimzaa mtoto wake wa kwanza akiwa na miaka 9.

Hesabu hiyo ndiyo njia ya kuanzia. Kusanyeni tarehe za kuzaliwa za watoto wake, hasa wa kwanza, pamoja na rekodi ya ndoa yake. Muulizeni alikuwa anafanya nini wakati wa matukio yanayojulikana: je, baba yake alikuwa ameshatoka Keya, jeshi la wakoloni, Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha mwaka 1945? Alikuwa ameolewa Kabaka Mutesa II aliporudi kutoka uhamishoni mwaka 1955? Alikuwa na watoto wangapi siku ya uhuru, 9 Oktoba 1962? Majibu yaandikwe katika kiapo chake na yaungwe mkono na mzee mwenzake wa rika moja ambaye naye anaapa. Kipimo cha daktari kinaweza kuongezwa, ingawa daktari hukadiria umri tu.

Kwa aliye kazini mambo ni magumu zaidi. Mtumishi wa umma hustaafu akiwa na miaka 60, na mwajiri hushikilia tarehe aliyoitoa mwenyewe alipoajiriwa mara ya kwanza. Ombi la kupunguza umri linalokuja miaka miwili kabla ya kustaafu litatiliwa shaka hata likiwa la kweli, kwa hiyo aliyegundua kosa akiwa na miaka 35 asingoje.

Mzazi asiyetajwa au aliyetajwa kimakosa

Jina la baba likiwa limekosewa tahajia, hilo ni kosa la uandishi. Likiwa halipo, au likiwa la mtu mwingine, ni suala la uzazi. Wazazi wote wawili wakiwa hai na wakikubaliana, waende pamoja wakiwa na vitambulisho vyao. Wasipokubaliana, Sheria ya Watoto inaruhusu ombi mahakamani la kutamkwa mzazi ni nani, na amri ya mahakama ndiyo inayopelekwa NIRA. Bibi, shangazi au mjomba anayemlea mtoto asijiandikishe kuwa mzazi wake ili kurahisisha mambo ya shule. Nia ni njema, lakini mtoto huyo atakapokuwa mtu mzima atabeba daftari linalosema kwamba mama yake ni dada yake, na itambidi aende mahakamani kulifuta.

Cheti cha kifo na mirathi

Marehemu hawezi kuapa wala kuweka alama ya kidole, ndiyo maana kosa la jina lake ni zito kuliko la aliye hai. Cheti cha kifo kinaposema jina moja na hati ya ardhi lingine, ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi na mahakama zitataka uthibitisho kwamba ni mtu mmoja. Mjane au mtoto mkubwa aape, ndugu wa ukoo na mwenyekiti wa LC 1 wamuunge mkono, na wakili ayataje majina yote mawili katika ombi la usimamizi wa mirathi. Kabla ya kuandikisha kifo chenyewe, mpelekeni mtu mmoja tu anayejua tahajia, akiwa na kitambulisho cha marehemu na hati zake za ardhi, badala ya kumwachia jirani aliyejitolea siku ya msiba. Na ikiwa wazazi wenu wako hai, kaeni nao mwaka huu, mlinganishe kitambulisho, cheti cha ndoa na hati ya kiwanja.

Baada ya daftari kurekebishwa

Pelekeni nakala ya cheti kipya pamoja na kiapo katika kila mahali palipotumia maelezo ya zamani. Anzeni na laini ya simu, kwa kuwa usajili wake umefungwa na NIN na fedha za simu zimo humo, kisha benki, mfuko wa hifadhi ya jamii NSSF, URA, mwajiri na ofisi ya pasipoti katika Wizara ya Mambo ya Ndani. Kwa wanafunzi, mwone mwalimu mkuu kabla majina ya watahiniwa hayajapelekwa kwa baraza la mitihani, UNEB, kwani baada ya matokeo kutoka nafasi ya kurekebisha jina huwa finyu mno; cheti cha PLE kikishatoka na tahajia moja, ile ya vyeti vya sekondari, UCE na UACE, iwe hiyohiyo, au kiapo kinachoziunganisha kiwekwe katika faili la mtoto tangu siku hiyo.

Cheti cha zamani chenye kosa msikichane. Ofisi ikikitaka, kikabidhini na mchukue stakabadhi. Isipokitaka, kihifadhini katika bahasha moja na kiapo, stakabadhi za malipo na barua zote, kwa sababu huenda baada ya miaka 15 mtoto wenu akaulizwa kwa nini rejesta ya shule yake inasema Ochen na pasipoti yake inasema Ocen.